Tawi Bichi Njia Panda

Siku ile Careen angevaa gauni jingine lolote, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini alivaa lile la kijani, alilolishona kwa mikono yake, mabega yamesimama kama ilivyokuwa fasheni ya miaka ile, kiuno kimebanwa kwa mkanda wa kitambaa hichohicho, akashuka nalo hadi kivukoni kwenye mto Kilombero. Ilikuwa siku ya mnada. Watu walijazana kusubiri pantoni: wanawake wenye matenga ya samaki, baiskeli zilizoelemewa na magunia ya mchele, padri mmoja na pikipiki yake, na kundi la ng'ombe lililonuka jasho na matope. Careen alikuwa amejipenyeza mbele anatazama maji, mara akahisi kitu cha moto, kizito, kinapita nyuma ya gauni lake kuanzia kiunoni kwenda chini.

Aligeuka na kofi likiwa tayari hewani. Kofi likatua kwenye pua ya ng'ombe.

"Mwenyewe yuko wapi huyu?" akafoka.

"Niko hapa, dada. Samahani sana. Amekosea tu, kadhani ni majani mabichi."

"Kwa hiyo mimi majani?"

"Mimi sijasema. Aliyesema ni yeye, na kwa malisho mazuri huyu huwa hakosei."

"Si umesema sasa hivi amekosea?"

"Nilikuwa namtetea. Nimeona kofi."

Watu wakaangua kicheko, hata padri akageuzia uso mtoni asionekane. Careen alitaka kuendelea na hasira yake, lakini ilimwishia nguvu alipomtazama vizuri mwenye ng'ombe. Alikuwa kijana mrefu, mweusi tii, ana kofia ya pama iliyochakaa, makatambuga ya matairi miguuni, na kamba ya katani ameizungusha kiunoni badala ya mkanda. Macho yake yalikuwa na aibu kuliko mdomo wake.

Pantoni ilipogusa ng'ambo, Careen alikwisha jua kwamba kijana anaitwa Sayi, kwamba baba yake alihama na mifugo kutoka Maswa hadi Namawala, na kwamba yeye ndiye anayewauzia ng'ombe wachinjaji wa Ifakara. Sayi naye alikwisha jua kibanda cha cherehani cha Careen kiko upande gani wa soko.

Akaanza kuleta nguo. Kwanza suruali iliyochanika kweli, kisha shati ambalo hata mtoto angeona limekatwa kwa kisu.

"Hili limepatwa na nini?" Careen akauliza.

"Miiba."

"Miiba ya Namawala siku hizi inakata kwa rula?"

"Careen, mpenzi, we shona. Nikisema nimekuja kukuona tu, utaniambia una kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Cherehani ilinyamaza kidogo, halafu ikaendelea, na kuanzia hapo mambo yakawa yamekwisha kuwa.

Mama yake Careen, Mama Margareta, aliposikia alishika kichwa. "Ng'ombe wa hawa Wasukuma wamemaliza mpunga wetu, sasa wamefika kwenye watoto!" Lakini Sayi alikuja na shikamoo ya kupiga goti na kibuyu cha maziwa ya mgando, akapasua kuni bila kuombwa, na mama akalegea. "Mimi sina neno," akasema. "Mwenye neno ni bibi yako, aliyemzaa baba yako." Bibi Marsiana aliishi juu, kwenye milima ya Mahenge, na ujumbe wake ulishuka upesi: anayemtaka mjukuu wangu apande mwenyewe, nimwone wakati macho yangali yanaona.

Hapo ndipo hofu ilipomshika Careen.

Kijiji cha bibi kilifikiwa kwa njia ya miguu iliyopita kwenye ngome ya zamani ya Wajerumani. Walijenga kuta za mawe ukingoni mwa mlima, wakachimba mahandaki ya kupigania vita, halafu vita ikaisha, wakaondoka, wakawaachia wenyeji mashimo. Nyuma ya mahandaki mlima ulikatika, chini kulikuwa na genge lisiloonekana mwisho. Evaristo, baba yake Careen, alikuwa akirudi nyumbani siku moja kwenye ukungu, akashika njia ya mahandaki badala ya njia ya kijijini. Waliomtafuta walimkuta chini ya genge. Careen alikuwa mtoto wa shule. Tangu mama yake amchukue wakashuka kuishi Ifakara, hakuwahi kukanyaga tena njia ile. Alikwenda kwa bibi kwa lori, akizungukia barabara kubwa, tena amefumba macho kwenye kona. Na mwaka huo mvua za Elinino zilikuwa zimeila barabara. Hakukuwa na lori lililofika juu.

Kabla ya safari Sayi aliitwa kwao Maswa kwa shughuli ya nyumbani. Simu ilikuwa moja tu pale jirani, dukani kwa Viktor, na Viktor hakujua kuita mtu kwa sauti ndogo.

"Careen! Simu! Ni yule wa ng'ombe!"

Careen akakimbia, sindano bado ipo mdomoni.

"Mwangaluka, mpenzi," Sayi akamsalimu kwa Kisukuma, kwa mbali, laini inakwaruza.

"Mwangaluka mwenyewe. Unarudi lini?"

"Nikimaliza shughuli. Nimekukumbuka mpaka ng'ombe wananiuliza nina nini."

"Unawajibuje?"

"Nawaambia kuna malisho ya kijani Ifakara."

Viktor akakohoa, wateja wote wakajifanya wanachagua sabuni. Sayi akamwachia namba ya duka la jirani na kwao. Siku Careen alipoipiga, ilipokewa na msichana mwenye sauti tamu, anacheka kabla ya kuongea.

"Naomba kuongea na Sayi."

"Hayupo hapa dukani, yuko zizini anachagua ng'ombe wa mahari yangu. Nimwambie nani?"

"Wewe nani?"

"Mimi Minza."

Careen akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Imekatika?" Viktor akauliza.

"Imekatika," akajibu, akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa blauzi ya mtu nyuma mbele.

Utasema, si angemuuliza tu aliporudi? Ndivyo tunavyosema sisi tulio pembeni. Careen aliogopa kuuliza kwa kuwa aliogopa kujibiwa. Sayi alirudi amenenepa kwa furaha, bibi alikwisha pewa taarifa, na Careen akajiambia atauliza njiani.

Walivuka kwa pantoni ileile, wakadandia lori mpaka mguu wa mlima lilipokomea. Careen alikuwa amevaa raba, sweta jekundu la mama yake na kitenge amekifunga juu ya suruali. Asubuhi ilikuwa ya baridi ya mwezi wa sita. Njia ilianza kupanda bila salamu, na baada ya muda mfupi ikawa watu wanapanda kwa mikono na miguu.

Aliyeogopa kwanza alikuwa Sayi.

"Kwetu ukipanda kichuguu umeona dunia nzima," akasema, ameshikilia majani kwa ngumi mbili. "Nyie mlimkosea nini Mungu akawaweka huku?"

"Usitazame chini."

"Nisipotazama chini nitakanyaga wapi?"

Siku nyingine Careen angecheka. Sasa alikuwa na Minza kifuani na baba yake mbele ya macho, na kila jiwe lililoviringika chini ya mguu lilimkata pumzi. Sayi alimwona amenyamaza, akadhani ni hofu ya mlima, akajitahidi kumchangamsha. Kichakani akamwonyesha tawi lililovunjika.

"Unaona hili? Bichi, utomvu bado unatoka. Kuna mnyama kapita hapa leo hii. Sisi ng'ombe akipotea porini hatuhangaiki na kwato, majani yanazificha. Tunafuata tawi bichi. Lilipo tawi ndiko alikokwenda."

"Mm," Careen akasema. Hakuwa anasikiliza.

Wakafika kwenye ngome. Kuta zilikuwa nyeusi kwa ukungu na kuvu, zina matundu membamba ya kutolea bunduki, na kila Careen alipopita tundu moja alihisi kuna mtu ndani anamtazama. Harufu ilikuwa ya majani yaliyooza. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni taratibu, ukificha mashamba ya mpunga, mto, Ifakara yote, mpaka dunia ikabaki ukuta ule na wao wawili. Wakakaa kupumzika, Careen akamwambia tu kwamba nyuma ya ukuta ule ndiko alikoangukia baba yake. Careen akaona akifika kwa bibi bila kuuliza atakuwa mwongo.

"Minza ni nani?"

Sayi akacheka. Masikini, alicheka kwa furaha kabisa. "Umemjuaje Minza? Nilitaka nimtaje mbele ya bibi! Bila yule mimi siwezi kuoa."

"Kwa hiyo ni kweli. Na mahari imetoka?"

"Imetoka! Ng'ombe wazuri watupu. Nimewachagua mwenyewe mmoja mmoja."

Careen akasimama. "Na mimi unanipandisha mlima huu, mlima ulioniulia baba, ili nikawe mke wa pili?"

"Wa pili wa nini? Careen! Ngoja nikwambie! Careen!"

Alikwisha ondoka. Sayi alinyanyuka amfuate, lakini upepo ulikuwa umepasua ukungu kidogo na akaona kilichokuwa nyuma ya ukuta: hakuna kitu, ni hewa tu mpaka chini. Miguu ikamgomea. Akabaki ameukumbatia ukuta, anaita jina, na jina linarudi.

Mbele kidogo palikuwa na njia panda. Ya kulia ilikuwa nyembamba, inapanda mawe kwenda kijijini. Ya kushoto ilikuwa pana, tambarare, inayomvuta mtu aliyechoka, nayo iliingia kwenye mahandaki na kuishia gengeni. Watu wa mlima ule wana desturi: anayetangulia akifika njia panda huvunja tawi lenye majani akalilaza kwenye njia isiyofaa, ili wa nyuma asipotee. Huitwa kufunga njia. Hufungiwa ndugu, hufungiwa mgeni, hufungiwa hata mtu mliyegombana naye. Siku aliyokufa Evaristo alikuwa ametangulia yeye, hakuwepo wa kumfungia. Careen alifika pale analia mpaka haoni vizuri. Hata hivyo mkono wake ukavunja tawi, ukalilaza kushoto, ukalinyoosha, naye akapanda kulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi Marsiana alikuwa jikoni, mdogo, amejifunga kaniki, macho yana ukungu wake lakini yanaona yanachotaka. "Mwenzako?"

"Yuko nyuma."

"Nyuma wapi, na hali hii?"

"Anakuja. Nimemfungia njia."

Bibi akampa uji. Careen akaushika bila kuunywa. Nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni, jioni inaingia ndani yake, na njiani hakusikika mtu. Akajiambia Sayi amegeuka amerudi zake kwa Minza. Halafu akajiambia hapana, hawezi kushuka peke yake, anaogopa. Uji ukaota ngozi juu.

"Huyu kijana ni wa wapi?" bibi akauliza.

"Msukuma."

"Na kwao wanafunga njia?"

Careen akafungua mdomo kusema kila mtu anajua. Mara akaisikia sauti ya Sayi kichakani, ileile aliyokuwa haisikilizi: lilipo tawi ndiko alikokwenda. Bakuli likamponyoka, uji ukamwagika kwenye majivu.

"Bibi, nimemwua."

"Hujaua mtu. Kimbia." Bibi alikwisha simama, ameshika nyundo. Nje ya kanisa dogo la kigango lilining'inia ganda la risasi ya mzinga wa Wajerumani, lililotumika kuwa kengele. "Nitagonga hili mpaka urudi. Ukipotea, fuata sauti."

Careen alishuka anateleza kwa makalio, anaita. Hofu aliyoipata utotoni, siku walipomletea baba yake kwenye machela ya miti, ilirudi yote kana kwamba ilikuwa imemngojea njiani. Nyuma yake chuma kililia, kikanyamaza, kikalia. Njia panda akapiga magoti. Tawi lilikuwepo. Majani yalikuwa yamepondwa, na juu yake kulikuwa na alama ya tope ya katambuga.

Kushoto hakuwahi kukanyaga maisha yake yote. Alisimama pale, mwili unakataa. "Sayi!" Kimya. Akashuka kwa mikono na magoti, akaanza kutambaa, anapapasa kila hatua kabla ya kuiwekea uzito wa mwili. Akapita handaki la kwanza, limejaa maji. Akapita la pili.

"Sayi!"

"Careen? Usije! Simama hapohapo!"

Sauti ilitoka chini, mbele yake kidogo tu. Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono. Ardhi ilikwisha.

"Uko wapi?"

"Chini ya ukuta. Nimeteleza, nimekalia mwamba. Mguu umegeuka." Sauti yake ilikuwa tulivu ajabu, utulivu wa mtu anayeogopa kutikisika. "Nimetupa jiwe mbele yangu. Sijalisikia likifika."

Careen akauma kiganja asipige kelele. "Kamba yako unayo?"

"Ninayo."

"Irushe."

Ikarushwa, ikarudi. Ikarushwa tena, ikampita sikioni, akaidaka. Alipapasa ukuta mpaka akapata chuma kinene kilichochomoza kati ya mawe, kilichoachwa na Wajerumani. Sayi akamwelekeza kutoka kwenye giza la ukungu jinsi ya kufunga fundo la fahali: zungusha, rudia, pitisha chini, vuta kwa nguvu zote. Vidole vilivyoshona nguo za Ifakara nzima vikafuata neno kwa neno.

"Careen, ikikatika..."

"Nyamaza."

"Acha niseme. Minza ni mdogo wangu. Tumbo moja. Anaolewa yeye. Mahari inayotoka kwa mume wake ndiyo baba anaitumia kuniozesha mimi. Ndivyo tunavyofanya kwetu, dada anamwozesha kaka. Nilikuwa nawakataa ng'ombe wakondefu kwa sababu wanakuja kwa bibi yako."

Careen alilia bila sauti, paji la uso kwenye jiwe. "Kwa nini siku zote hukumtaja?"

"Nilikuwa namwita mdogo wangu. Nilijua unajua."

"Panda. Nitakupiga baadaye."

Kamba ikakaza. Chuma kikaguna ukutani, jiwe moja likachomoka karibu na kichwa chake likaenda zake, naye akangoja lifike, halikufika. Alijitandaza juu ya kamba kwa uzito wake wote. Alimwomba Mungu, alimwomba baba yake, alimwomba Mjerumani aliyepigilia chuma kile kiwe kimepigiliwa vizuri. Mkono ukatokea, umechubuka. Akaushika kifundoni, akauvuta, akashika kola ya shati alilolishona mwenyewe na kuomba lisichanike, mara kifua cha Sayi kikawa juu ya majani na wote wawili wamelala, meno yanagongana, kila mmoja amemshika mwenzake mahali popote palipopatikana.

"Ulijua njia hii inakwenda wapi?" Careen akauliza alipopata pumzi.

"Uliniambia nyuma ya ukuta ndiko alikoangukia baba yako."

Mlio wa chuma ukawaongoza. Walitembea ubavu kwa ubavu, Sayi anachechemea, mkono wake begani kwa Careen, mpaka njia panda. Hapo akasimama, akainama kwa shida, akaliokota lile tawi.

"Nilipoliona nikajua umepita huku," akasema. "Nikasema amekasirika, anakwenda kujitupa alikoangukia baba yake. Nikakimbia. Sikutazama hata chini."

Careen akamtazama. Mtu huyu aliyekuwa amekumbatia ukuta kwa woga alikimbia gengeni kwenye ukungu.

"Kwetu tawi likilazwa hivi maana yake usipite," akasema taratibu. "Anayetangulia anamfungia wa nyuma."

Sayi akaligeuza tawi mkononi. "Ulilivunja wewe?"

"Mimi."

"Baada ya kugombana?"

"Nilikuwa nimekasirika kuliko siku zote za maisha yangu."

"Na bado ukanifungia?"

Careen alijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Basi tuoane, Careen. Kama hivi ndivyo unavyochukia, mimi nataka nikuone unavyopenda."

"Kamuulize bibi," akasema, lakini alisema huku analia na kucheka, na mkono aliomshika nao ulikwisha jibu.

Sayi hakuondoka. Alilirudisha tawi kwenye njia ya kushoto, akalilaza kama alivyolikuta, akalinyoosha, akaliwekea jiwe juu lisipeperuke.

"Huenda kuna mtu nyuma," akasema.

Juu kule Bibi Marsiana alikuwa bado anagonga, mkono umemfa ganzi. Aligonga mpaka aliposikia sauti mbili zinapanda zinabishana kwenye ukungu, ya kiume inaomba polepole, ya kike inasema tembea, umenitisha vya kutosha. Akaweka nyundo chini, akaingia jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.